Beit el Ajaib: maswali yanayoulizwa kila siku Forodhani

Ukikaa Forodhani jioni na bakuli la urojo mkononi, hutakosa kumsikia mtu akiuliza jambo kuhusu jengo lililo mgongoni mwako. Maswali ni yale yale miaka nenda miaka rudi, na majibu anayopewa mgeni mara nyingi ni matamu kuliko kweli yenyewe. Haya hapa ndiyo yanayorudiwa zaidi.

Beit el Ajaib ni jengo gani hasa?

Ni kasri la sherehe lililoelekea bahari katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, jirani ya Ngome Kongwe, na bustani ya Forodhani iko mbele yake. Jina ni la Kiarabu, Nyumba ya Maajabu. Wengi hudhani ndimo alimolala Sultani. Sivyo. Hapa palikuwa mahali pa kupokea mabalozi na kuonyesha ukubwa wa dola. Maisha ya kila siku yalikuwa pembeni, Beit el Sahel na Beit el Hukm, na majumba hayo yaliunganishwa na Beit el Ajaib kwa madaraja ya juu yaliyofunikwa, ili wanawake wa jumba la kifalme wapite bila kuonwa na waliopo barabarani.

Nani alilijenga, na lini?

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888. Jengo ni la 1883. Kiwanja chenyewe kilikuwa na historia tayari, kwani hapo palisimama kasri la Malkia Fatuma, mtawala wa Unguja wa karne ya 17.

Barghash alikuwa na homa ya ujenzi, na sababu yake inaeleweka. Mwaka 1859 alijaribu kumpindua kaka yake Majid akashindwa, akapelekwa Bombay. Akaishi uhamishoni kama miaka miwili katika mji uliokuwa ukijengwa mchana na usiku. Mwaka 1875, akiwa sasa ndiye Sultani, akaenda kuitembelea Uingereza. Aliporudi hakutulia: kasri la Marhubi, hamamu za Hamamni, mabomba ya kuleta maji safi mjini kutoka chemchemi za nje ya mji. Beit el Ajaib ndilo kubwa kuliko yote.

Kuhusu aliyechora ramani, husemwa alikuwa injinia wa meli, Mwingereza. Jina lake halitajwi kwa uhakika, lakini jengo lenyewe linaisaidia hadithi hiyo. Simama mbali kidogo utazame zile roshani pana zilizozunguka pande zote, sakafu juu ya sakafu, zimeshikiliwa na nguzo nyembamba ndefu. Mimi kila nikizitazama naona sitaha za meli.

Maajabu yenyewe ni yapi?

Kwanza urefu. Hakuna nyumba Unguja iliyokuwa na kimo kile. Pili ni taa za umeme, kisha baadaye lifti. Jengo hili huhesabiwa la kwanza Zanzibar kupata umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Ndani, ukumbi wa kati ulizungukwa na roshani, sakafu ilikuwa ya marumaru iliyoletwa kutoka Ulaya, na milango mikubwa ilichongwa aya za Kurani na kupakwa dhahabu.

Lakini ajabu kubwa kuliko zote ni kitu ambacho mgeni hapigi nacho picha. Ni upana wa vyumba.

Upana wa vyumba una ajabu gani?

Hapa naomba uvumilivu kidogo, maana bila hili jengo halieleweki.

Nyumba ya mawe ya mwambao hujengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Matumbawe huchomwa kwenye tanuu la kuni hadi yawe chokaa, chokaa ikazimwa kwa maji, ikachanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Kuta huwa nene, hata nusu mita na zaidi. Juu ya kuta hulazwa boriti, yaani miti ya mikoko, moja karibu na nyingine, juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, na juu ya mawe humiminwa chokaa inayopigiliwa kwa magongo hadi ishikane. Kazi ya kupigilia sakafu ilikuwa karibu na ngoma: watu walijipanga mstari, wakapiga kwa pamoja, na wimbo ukishika mwendo wa magongo.

Sasa, boriti ina kikomo chake. Ukipita mita tatu hivi huanza kupinda. Ndiyo maana chumba cha nyumba ya zamani, iwe Lamu, Mombasa au Unguja, ni kirefu lakini chembamba kama ushoroba, hata nyumba ya tajiri. Mwenye mali alichagua urefu, nakshi na idadi ya vyumba. Upana alichaguliwa na mkoko.

Barghash akakataa kuchaguliwa. Ndani ya Beit el Ajaib kuta ni zile zile za matumbawe na boriti zimo, lakini kwenye kumbi kubwa iliingizwa mihimili ya chuma na sakafu za zege, vitu vigeni kabisa katika mji ule. Nje zikasimamishwa nguzo za chuma cha kusubu zilizotoka ng'ambo. Kwa chuma hicho ndipo ukumbi ukapanuka kiasi ambacho hakuna fundi wa mjini aliyewahi kukiona. Mgeni aliyezoea vyumba vyembamba akiingia humo lazima alitazama juu na kujiuliza dari imeshikwa na nini.

Weka jambo hilo moyoni. Chuma hicho kitarudi tukifika mwaka 2020.

Ni kweli milango ilipanuliwa ili Sultani apite juu ya tembo?

Ni hadithi, na husimuliwa kila siku. Milango kweli ni mipana mno. Lakini hadithi ya tembo imefuata njia ile ile iliyofuatwa na misumari ya shaba kwenye milango ya Zanzibar, ambayo nayo huelezwa kuwa ni ya kuzuia tembo. Mtindo wa misumari umetoka India, tembo wamekuja nao. Fundi wa Zanzibar aliiweka kwa urembo na heshima ya mwenye nyumba.

Na ile ya watumwa waliozikwa chini ya nguzo?

Hii nayo husimuliwa sana, kwa sauti ya chini, na aghalabu na mtu anayetaka bakshishi. Simulizi za watu waliofukiwa kwenye misingi ziko kila mahali duniani palipo na jengo kubwa kupita kawaida, na sijaona ushahidi wa hii yetu.

Hata hivyo sipendi kuikanusha na kuishia hapo. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, kwa mkataba alioutia sahihi Barghash huyo huyo chini ya shinikizo la Waingereza, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria hadi 1897. Jengo liliinuka mwaka 1883, kati ya tarehe hizo mbili, katika mji ambao kazi nzito ilifanywa na watu wasio huru. Na fedha iliyonunua chuma na marumaru ilitokana na karafuu, pembe na ushuru wa bandari. Hiyo karafuu ilichumwa na watumwa. Anayetafuta damu chini ya nguzo anatafuta pasipo, ilhali iko wazi kwenye daftari la hesabu.

Sayyida Salme aliishi humu?

Hapana. Salme, dada yake Barghash, aliondoka Zanzibar 1866, miaka 17 kabla ya jengo, akaenda Ujerumani na kuwa Emily Ruete. Alirudi 1885 pamoja na manowari za Wajerumani akitafuta urithi wake, na Barghash, kaka ambaye Salme alimsaidia kwenye njama ya 1859, akakataa kuonana naye. Bila shaka aliliona kasri jipya, lakini aliliona kwa nje kama unavyoliona wewe.

Lilipigwa mizinga katika vita vifupi kuliko vyote duniani?

Ndiyo, na lilibaki limesimama. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash, mtoto wa mjenzi, akaingia kasrini na kujitangaza bila idhini ya Waingereza, ambao tangu 1890 walikuwa wameiweka Zanzibar chini ya himaya yao. Akapewa hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27 awe ametoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili manowari za Kiingereza zikaanza kupiga, na kabla ya saa nne kazi ilikuwa imekwisha. Wengine huhesabu dakika 38, wengine hufikisha 45.

Watu hupenda kuicheka vita hii kwa ufupi wake. Upande wa Khalid walioanguka, waliokufa na waliojeruhiwa, walikaribia 500. Upande wa pili alijeruhiwa baharia mmoja. Meli ya Sultani, Glasgow, ilizama hapo hapo bandarini, na milingoti yake ikaendelea kuchomoza majini kwa miaka mingi. Beit el Hukm ilibomoka isifae tena, na mahali pake pakawa bustani. Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, kisha akasafirishwa hadi Dar es Salaam.

Na ule mnara wa saa ulitoka wapi?

Kabla ya vita kulikuwa na mnara wa taa wa kuongozea meli, umesimama peke yake mbele ya kasri. Makombora yaliuharibu, ukabomolewa. Jengo lilipotengenezwa 1897 mnara mpya wenye saa ukaunganishwa na uso wa nyumba yenyewe. Kwa hiyo sura ile iliyo kwenye kila kadi ya posta na kila khanga ya watalii, roshani tatu na mnara katikati, si sura aliyoichora Barghash. Ni sura ya baada ya mizinga. Yeye alikuwa keshafariki miaka tisa.

Basi tuliite jengo la kikoloni, au la Sultani?

Swali hili huwagombanisha watu barazani, na kila mtu ana lake. Mimi hupenda kuanza na hesabu.

Tangu 1883 hadi 1911 ni miaka 28. Huo ndio muda lilipokuwa kasri la sherehe, na hata huo haukuwa wote wa uhuru, maana kuanzia 1890 Sultani alikuwa na mlezi. Mwaka 1911 Sayyid Ali bin Hamud akajiuzulu, Sayyid Khalifa bin Harub akashika nafasi yake, na Waingereza wakaligeuza Beit el Ajaib kuwa ofisi kuu ya serikali. Tangu hapo hadi uhuru wa Desemba 1963 ni miaka 52. Kwa maneno mengine, nyumba hii imekuwa ofisi karibu mara mbili ya muda iliokuwa kasri.

Sasa waza maana yake kwa mtu wa kawaida wa Ng'ambo, mitaa ya watu wa kawaida iliyo nje ya Mji Mkongwe. Babu yake hakuwahi kuingia kwenye ukumbi wa marumaru kumsalimu Sultani. Lakini yeye mwenyewe huenda alipanda ngazi zile kufuatilia barua, kibali au malalamiko ya kiwanja, akasubiri kwenye roshani na upepo wa bahari ukimpiga, huku karani akipekua mafaili katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya mabalozi. Kwake ajabu ya nyumba ilikuwa foleni.

Wakoloni hawakuhitaji kujenga makao yao ya serikali, walikaa ndani ya haya. Na walijua wanachofanya: amri ikitoka kwenye nyumba ya Sultani husikika kama amri ya Sultani. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba mawe ni ya Barghash na kazi ilikuwa ya kikoloni. Asiyeridhika tukutane barazani.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilikuwaje?

Liliendelea na kazi za serikali, kisha likawa mahali pa masomo ya siasa na makumbusho ya Afro-Shirazi Party. Mwaka 2000 Mji Mkongwe wote ukaingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na katika miaka iliyofuata Beit el Ajaib likafunguliwa kuwa makumbusho ya historia na utamaduni wa Zanzibar na mwambao wa Waswahili. Kwa mara ya kwanza mtoto wa skuli yeyote aliweza kuingia kwa mlango wa mbele.

Ile mizinga miwili mlangoni?

Ni ya shaba nyeusi, na ina maandishi ya Kireno. Ni mikongwe kuliko jengo. Watoto huipanda.

Nasikia ndani kulikuwa na jahazi zima. Kweli?

Kweli, na kwangu lilikuwa jambo zuri kuliko yote humo. Uani, chini ya roshani za ndani, palisimama mtepe, chombo cha zamani cha mwambao ambacho mbao zake zimeshonwa. Hakuna msumari hata mmoja. Kila ubao umetobolewa matundu pembezoni na kuunganishwa na wa pili kwa kamba ya makumbi ya nazi, mshono baada ya mshono, na tanga lake ni la mkeka wa umbo la mraba. Mitepe ya asili ilikuwa imeshapotea baharini, huu ulitengenezwa upya na mafundi kwa ajili ya makumbusho.

Ukikaribia uliweza kuziona kamba zikiingia na kutoka kwenye mbao kama mshono wa kofia. Chombo kisicho na chembe ya chuma, kimewekwa katikati ya nyumba iliyojivunia chuma.

Kwa nini lilianguka?

Halikuanguka siku moja. Mwaka 2012 sehemu ya roshani iliporomoka na makumbusho yakafungwa. Paa nalo likaendelea kuchoka. Kisha Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020, wakati kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya mbele ikashuka pamoja na mnara wa saa. Watu wawili walipoteza maisha. Waliokuwa Forodhani wanakumbuka vumbi jeupe, chokaa ya miaka 137, likitanda hadi baharini.

Sababu ya kila jiwe kuanguka ni kazi ya mainjinia kuieleza. Lakini udhaifu wa aina hii ya nyumba unajulikana. Matumbawe yametoka baharini na yana chumvi tangu kuzaliwa. Chokaa hupumua: hupokea unyevu, kisha huuachia jua likitoka. Ukuta wa namna hiyo huweza kuishi karne nyingi kama paa halivuji na lipu inafanywa upya kila baada ya misimu kadhaa. Maji yakishapata njia ya kuingia juu, boriti huoza kwenye ncha zilizozama ukutani, mahali ambapo macho hayafiki.

Chuma nacho kina hadithi yake. Chuma kikikaa ndani ya ukuta wenye chumvi na unyevu hushika kutu, na kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichokuwa hapo. Huvimba. Huupasua ukuta kutoka ndani taratibu, na nyufa hizo huingiza maji mengine. Kile kilichoupa ukumbi wa Barghash upana wake ndicho kinachohitaji ulinzi kuliko kitu kingine chochote, na kwa miaka mingi jengo lilipata sherehe nyingi kuliko mafundi.

Kwa nini wasilijenge upya kwa saruji tu, yaishe?

Husemwa sana, hasa na watu wenye haraka. Saruji ni ngumu na haipumui. Ukiipaka juu ya ukuta wa matumbawe, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hugeuka chembe chembe nyuma ya lipu na kuanza kulila jiwe. Kwa nje utaona ukuta laini, mweupe, wa kupendeza. Baada ya mvua kadhaa za masika lipu hutoka vipande vipande na mawe huja nayo. Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zimeuawa na wenyewe kwa nia njema na mfuko wa saruji.

Fundi wa chokaa hufanya kinyume. Huiloweka chokaa kwenye shimo kwa wiki nyingi, huipaka kwa tabaka nyembamba, husubiri tabaka likauke kwa hewa ndipo aongeze lingine. Ni kazi ya subira na ina wataalamu wachache, na vijana wanaojifunza hawajawa wengi wa kutosha mji wote.

Oman, nchi ya asili ya ukoo wa Busaidi uliotawala Zanzibar, imesaidia gharama za kulikarabati jengo hili.

Nikija, nilitazame kutoka wapi?

Sehemu iliyo wazi kwa watu hubadilika kadiri kazi inavyokwenda, kwa hiyo ulizia kwanza kabla ya kupanga safari ya ndani. Kwa nje, watu wengi hupiga picha wakiwa Forodhani, karibu mno, shingo zimekunjika. Bustani hiyo yenyewe ni ya miaka ya 1930, na Barghash hakuwa na mgeni aliyetokea upande huo wa miti na mabenchi. Mgeni wake alitokea baharini. Ukipanda boti kutoka Dar es Salaam, kaa upande wa kulia, toka nje mnapoizunguka Ras Shangani, na usubiri dakika chache kabla ya Malindi, bandari ya Unguja.